Hesabu ya Januari, Ilagala

Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi.
Upepo: hakuna. Mawingu: yamelala upande wa Kongo.
Darubini ina ukungu, naifuta kwa ncha ya kanga.
Gwasa anazima injini mbali na matete,
tunaingia kwa upondo.

Yangeyange, sabini na mmoja.
Naandika kwa penseli; wino hapa hulia.
Furukombe, wawili, mke na mume, wanazozana
juu ya mgebuka ambaye bado anapiga mkia.
Mnandi — subiri.
Mnandi hawahesabiki wakiwa majini:
unamshika huyu kwa jicho, anazama,
anaibukia kule akiwa mwingine.

Nilifundishwa Tabora, katika ukumbi wenye feni,
kwamba ndege huhesabiwa kumi kumi,
jicho likate kundi kama uzi unavyokata mche wa sabuni.
Hakuna aliyetaja harufu:
samaki waliotapikwa, mavi meupe kama chokaa ya msikitini,
yai viza lililopasuka tangu juzi.

Kuna mmoja amejikunyata juu ya mzizi,
mdogo, mgongo rangi ya mchicha uliolala chunguni,
shingo ameimeza.
Kitabuni ana jina refu kama treni ya mizigo.
Watu wa pwani, nimesikia, humwita ngojamaliko.
Gwasa anasema kwao hana jina,
"ni yule tu anayekaa pale."
Nimemtazama dakika arobaini.
Hakuna kilichomalizika.
Dakika ya arobaini na moja nikapiga chafya,
na nilipofumbua macho
koo lake lilikuwa linashusha kitu.

Sasa michikichi.
Kumi na minne, imesimama ndani ya ziwa hadi kiunoni,
haina makuti, haina kichwa,
juu ya kila shina rundo la vijiti na kelele.
Nikauliza: wa tatu kutoka kushoto, viota vingapi?
Gwasa hakuangalia kushoto.
"Huo ni Ada ya Shule," akasema.
"Wenye koikoi ni Bati.
Ule ulioinama ni Mahari ya Nzigo, lakini Nzigo hakuoa."

Mama yake aliipanda, kila mmoja akaupa kazi.
Mawese ya huu yaende huku, ya ule kule,
na asiwepo mtu wa kukopa Bati ili alipe Ada.
Mwaka ule maji yalipopanda
yalianza jikoni, yakaja shambani,
bila haraka, kama mgeni anayevua viatu.
Mama sasa yuko Uvinza kwa dada yao, hataki kuletewa habari za ziwa.

Nikaandika.
Ada ya Shule: mnandi, viota tisa, makinda kumi na saba.
Bati: koikoi, viota vinne; makinda hawaonekani, wanasikika.
Fomu inataka nambari ya mti.
Niliweka majina, nikayafuta, nikaweka nambari,
na chini ya nambari majina yanasomeka bado
ukiinamisha karatasi kwenye mwanga.

Ndipo kinda akaanguka.
Tope jeusi lenye mdomo, likipiga maji kwa mabawa ya nyama tupu.
Mwongozo, ukurasa wa nne: mwangalizi asiguse.
Nikasema, Gwasa, haturuhusiwi.
"Wewe huruhusiwi," akasema,
akamchota kwa kopo la kutolea maji mtumbwini.
Kinda akamng'ata kidole, akamtapikia dagaa mzima kwenye goti.
Juu hatukufika. Tukampachika kwenye panda la shina,
kwenye mchikichi ulio karibu, ambao sikuuliza jina lake,
naye akabaki hapo anatetemeka, anatutukana.

Saa nne. Jua kali, ndege wametawanyika.
Najumlisha mara mbili, napata majibu mawili,
tofauti yake ni moja.
Sikumbuki kama nilikuwa nimeshamhesabu
kabla hajaanguka.